Mgeni Ndani ya Kokwa

Aghalabu mwanafunzi wa isimu anapokumbana na nomino ambatani huikata vipande viwili, kisha akavifasiri kwa maana zake za leo. Mazoea hayo humponza anapolifikia neno la Kiingereza walnut. Nut ni kokwa, wall ni ukuta; je, hii ni kokwa ya ukutani? Hasha! Ukuta haumo kabisa.

Katika Kiingereza cha Kale neno lilikuwa wealhhnutu. Hnutu ni kokwa, ilhali wealh ni mgeni, hususan Mselti au mtu wa himaya ya Warumi. Kilatini cha zama za mwisho za Warumi nacho kiliiita nux gallica, yaani kokwa ya Galia. Hata hivyo, asili ya mti si Galia; Wagiriki na Warumi waliuhusisha na Uajemi.

Wealh lilo hilo ndilo lililozaa jina Wales. Hapo ndipo utamu wa kokwa unapogeuka shubiri. Waanglo-Saksoni walivuka bahari kuingia Britania katika karne ya 5, wakawakuta Wabritoni wakiishi kwao. Nao waliofika ndio waliowaita wenyeji wageni. Hatimaye wealh likabeba pia maana ya mtumwa. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko mgeni alikuja, mwenyeji akapokonywa hata uenyeji wake. Wenyewe hujiita Cymry, neno ambalo asili yake ni "watu wa nchi moja".

Kiswahili nacho hakiko kando. Twasema pilipili manga, na Manga ni jina la kale la Uarabuni, hasa pande za Omani. Ilhali mmea wenyewe asili yake ni pwani ya Malabar, India. Jina limehifadhi njia ya bidhaa, si udongo ulioiotesha. Hata jina Mswahili limetokana na neno la Kiarabu sawahil, yaani pwani: ni tamko la aliyeitazama nchi kutoka jahazini.

Kwa hivyo, etimolojia haikomei katika kuchanganua mofimu. Mtafiti hana budi kuuliza ni nani aliyelitamka jina kwanza, na alikuwa amesimama wapi. Bila swali hilo, atavunja ganda na kuiacha kokwa.