Nyumba yenye magurudumu

Picha ilifika mwezi wa saba, saa za jioni, kwenye simu ya kijana anayechaji simu za watu kwa sola katika eneo moja la wakimbizi wa ndani upande wa Fizi. Mwanaume mwenye kofia na mwanamke mwenye kitenge wamesimama mbele ya nyumba ndogo nyeupe. Nyumba ina dirisha, ina mlango, ina hata ngazi mbili za chuma. Chini yake kuna magurudumu manne, na imefungwa nyuma ya gari kama remoki. Nyuma yao hakuna mti hata mmoja, ni majani makavu tu mpaka macho yanapoishia.

Usiku haujaingia vizuri, karibu kila mtu mle kambini alikuwa ameiona. Mama mdogo wa yule mwanamke aliiona wa mwisho kwa sababu hana simu. Aliitazama sana, akairudisha kwa mwenyewe, akasema neno ambalo asubuhi lilikuwa limefika mpaka kwenye bomba la maji: «Sisi tuko saba chini ya turubai moja. Wao wanatembeza nyumba tupu barabarani.»

Neno hilo liliwafikia wenye picha Marekani siku iliyofuata. Inafaa kisa kielezwe tangu mwanzo, maana picha haikueleza kitu.

Mume na mke hao ni watu wa Baraka. Mwaka 1996, wangali vijana wadogo, kila mmoja alivuka ziwa na wazazi wake, wakafikia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huo huo katika mkoa wa Kigoma, Tanzania. Walioana huko, wakazaa huko. Mwaka 2015 walipelekwa Marekani, mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, ambako Wakongo ni wengi na unga wa muhogo haukosi dukani. Baba anapakia mizigo usiku kwenye depo. Mama anafua mashuka ya hoteli.

Yaya wa mama hakuwa katika ule mtumbwi wa 1996. Siku ya kukimbia alikuwa shambani, akashika njia yake. Miaka ikapita, akatokea Uganda, kambi ya Nakivale, na kutoka huko naye akapelekwa Marekani, lakini Boise, jimbo la Idaho. Kati ya Louisville na Boise kuna karibu kilometa 3.000. Dada hao wawili walipatana kwa simu, wakalia kwa simu, wakazoea simu. Mwaka huu waganga walimwambia yaya kwamba lazima apasuliwe moyo. Akajibu: sawa, ila nimwone mdogo wangu kwanza.

Ndege ingewafikisha siku moja. Lakini mwenzake Baba kazini alikuwa anauza ile nyumba ya kuvutwa, dola 2.300, na Baba alikuwa amepiga hesabu: njiani watalala bure bila hoteli, watampelekea yaya vyakula vya nyumbani, wakirudi watauza nyumba kwa bei ile ile. Hesabu ilikuwa na shimo moja, mafuta. Gari linalovuta nyumba linakunywa karibu mara mbili. Na kulikuwa na shimo la pili ambalo hakulitaja. Katika zile dola, 1.500 zilitoka kwenye akiba ambayo mke wake alikuwa anaiweka kidogo kidogo ili mama mdogo akodishiwe nyumba ya mabati mjini Baraka. Alizichukua bila kuuliza. Mke alijua siku ya kuondoka, walipokuwa tayari wamekaa garini.

Kwa hiyo mama mdogo hakukosea sana. Alikuwa na haki hata kuliko alivyojua.

Usiku wa kwanza waliegesha Missouri, mvua inanyesha. Mama aliingia ndani, akasikia maji yanavyopiga lile paa jembamba, akatoka. Alilala kwenye kiti cha gari. Mume alimuita mara mbili, «Mama, njoo, kuna kitanda,» lakini hakujibiwa. Mtu aliyelala miaka chini ya turubai anaijua sauti hiyo, hahitaji kuelezwa.

Usiku wa pili ulikuwa Nebraska, mahali ambapo Wamarekani wanalipa ili kuegesha nyumba zao za magurudumu. Kwenye mlango waliandikwa jina, namba ya gari, idadi ya watu, wakapewa namba ya kiwanja. Kulikuwa na bomba la maji la pamoja, vyoo upande mmoja, moto mbele ya kila nyumba, watoto wanakimbia na bidoni. Mama alizunguka mahali pote kimya. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. «Papa, hii ni kambi! Watu wanatoa pesa ili waandikwe na wapange foleni ya maji!» Jirani yao, mzee mweupe aliyestaafu, anayezunguka na mke wake namna hiyo kila kiangazi, alikuja kusalimia akauliza: nyumbani ni wapi? Baba alisema Kentucky. Mama alisema Baraka. Mzee alingoja kidogo aone kama watapatana, kisha akawaletea mahindi ya kuchoma.

Usiku huo pia alilala garini.

Magharibi ya Nebraska barabara inapanda kuingia Wyoming. Baada ya Cheyenne inafika mita 2.633, ndiyo sehemu ya juu kuliko zote kwenye barabara kuu ile inayokatisha Marekani na kuitwa 80. Ni juu kama kwetu Hauts Plateaux, na upepo wake hauna kizuizi. Vibao vya umeme kandoni huonya magari marefu na mepesi, na siku nyingine hukatazwa kupita kabisa. Siku hiyo hawakukatazwa. Baba alikuwa anakimbia maili 75 kwa saa, yaani kilometa 120, kwa sababu kibao kiliruhusu na malori yalikuwa yanampita.

Baada ya Laramie, kuelekea mlima unaoitwa Elk Mountain, nyumba ilianza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kisha ikavuta gari kushoto, ikalirudisha kulia, tena kushoto. Baba alikanyaga breki kwa nguvu, jambo ambalo halifai kabisa: dawa yake ni kuachia mafuta polepole na kufunga breki za ile nyumba peke yake, kwa kifaa kinachokaa karibu na usukani. Kifaa alikuwa nacho. Alikisahau. Mungu saidia, hapakuwa na lori karibu. Walisimama kandoni, mlango wa nyumba umefunguka na unga umemwagika ndani.

Mama alishuka akaenda kukaa kwenye majani. Mume alifikiri analia. Hakuwa analia, alikuwa anatazama nyumba jinsi ilivyokaa, nyuma imelala chini. Akauliza: «Mawese uliyaweka wapi?» Yalikuwa nyuma kabisa, chini ya kitanda: bidoni nne za mawese, magunia mawili ya unga wa muhogo, ndagala, sufuria kubwa ya chuma. Baba aliyapanga hivyo ili yasiwasumbue kupita.

Hapo ndipo Mama alipomweleza jambo ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kulisimulia. Usiku wa 1996, katikati ya ziwa, watu walikuwa wamerundika mizigo nyuma karibu na mota. Maji yakaanza kuingia kwa nyuma. Mwenye mtumbwi alipiga kelele, kila mtu asogee mbele na mzigo wake, na asiyeweza autupe. Mama yake alitupa sufuria. Mtumbwi ukakaa sawa.

Walihamisha kila kitu mbele ya magurudumu, yeye anaelekeza, mume anabeba. Dereva wa lori aliyesimama kuwasaidia alitazama kazi yao, akasema ndivyo ilivyo: sehemu 10 hadi 15 kwa mia ya uzito lazima ilalie ule mkono wa mbele unaoshikwa na gari, la sivyo nyumba itawaangusha. Akaongeza kwamba wasipite maili 60. Usiku huo, mjini Rawlins, upepo uliitikisa nyumba mpaka asubuhi, na Mama alilala ndani. Picha ilipigwa asubuhi hiyo.

Neno la mama mdogo liliwakuta Utah, kwa sauti ya yule kijana wa sola. Mama alisikiliza mara moja, akazima simu. Hakusema kitu mpaka walipovuka kuingia Idaho, na aliposema lilikuwa moja tu: «Zile 1.500 utamwambia wewe mwenyewe.»

Pale Boise, yaya alikuwa amekaa nje tangu mchana kwenye kiti cha plastiki, ingawa alikatazwa jua. Kuhusu kukumbatiana kwao inatosha kusema kwamba majirani walitoka nje wakidhani kuna msiba. Nyumba ya yaya ina vyumba viwili na wajukuu watano. Hao dada wakalala katika ile ya magurudumu, uani kwa mtoto wake wa kwanza, usiku tatu, na taa haikuzimwa.

Yaya alipasuliwa mwezi wa nane, sasa anatembea mpaka mlangoni. Mama alibaki kumhudumia. Baba alirudi kazini na gari tupu. Nyumba imewekewa karatasi ya kuuzwa dirishani. Mpaka sasa mama mdogo ametumiwa dola 600, deni bado 900.

Baba alimpigia mwenyewe, kama alivyoagizwa. Kijana wa sola alishika simu, watu wakasogea. Mkwe aliomba radhi, akaeleza pesa zilikotoka, kisha akacheza sauti ya wale dada wawili waliyoirekodi Boise. Mama mdogo hakuwa amesikia sauti ya mkubwa tangu vita ile ya kwanza. Aliomba irudiwe, ikarudiwa mara tatu. Juu ya pesa hakujibu.

«Mkwe,» akasema mwishoni, «ile nyumba, mlango wake unafungwa na ufunguo?»

«Ndiyo, mama. Kuna funguo mbili.»

«Na ndani mtu anasimama wima?»

«Anasimama, mama.»

Akarudisha simu kwa mwenyewe.