Wa Kuchomwa Sindano

Kwetu Rufiji kamba huvuliwa. Habari za kumchoma sindano sikuwahi kuzisikia. Safari yangu ya kwanza Thailand, ambayo pia ilikuwa ya kwanza kupanda ndege, mahekalu ya Bangkok niliyapita nikiyatolea macho, lakini kilichonikaa kichwani ni chumba kimoja cha maabara, chenye baridi na harufu ya pwani.

Binti mwenye glavu alimtoa kamba ndooni, akamshika kwa kitambaa kibichi, akapenyeza sindano nyembamba baina ya pingili za mkia. Kamba akafurukuta, akarudishwa majini. Si chanjo hiyo, maana kamba hana kingamwili kama zetu. Alichopewa ni RNA ya nyuzi mbili, iliyotungwa kwa kufuata herufi za kirusi cha ugonjwa wa madoa meupe, unaoua kamba mabwawani. Seli zake huikatakata vipande vidogo, na kila kipande huwa chambo: ujumbe wa kirusi unaolingana nacho ukipita, hunaswa ukakatwa kabla haujazaa protini. Andrew Fire na Craig Mello waliieleza njia hii mwaka 1998 kutokana na minyoo, wakapata Nobeli 2006.

Kesho yake tukaenda Chachoengsao, kwenye mabwawa ya upande wa mto Bang Pakong. Mkalimani wangu alikuwa kijana wa Tanga anayesoma huko. Mzee mwenye bwawa alivuta chano cha wavu, akambandua kamba mmoja gamba la kichwa, akaliinua juani. Safi. Yangeonekana madoa meupe, basi hesabu ni ya siku: ugonjwa huo waweza kufyeka bwawa zima kwa siku 3 hadi 10. Nikamwambia umeshafika Msumbiji 2011 na Madagaska 2012, yaani mlangoni petu.

Kisha nikamsimulia ile sindano. Mzee akacheka mpaka akachuchumaa. Akaonyesha maji kwa mkono: humo mna kamba laki kadhaa.

“Anauliza, kaka, atawachoma nani?”

Kule maabara hata wao swali hilo linawanyima usingizi. Wanaizalisha RNA ndani ya bakteria na kuwachanganya katika chakula. Wengine huifungia kwenye kitosani, dutu itokanayo na magamba ya kamba hao hao. Ila ya kulishwa mara nyingi hukinga kidogo kuliko ya sindano, kwa sababu huharibika majini na tumboni. Kwa maoni yangu, mzee aliliona tatizo haraka kuliko mimi.

Jioni akatuwekea kamba juu ya mkaa, na chumvi tu. Kijana wa Tanga akaninong'oneza:

“Hawa sasa ndio wa kuchoma.”