Riruta Satellite: Jirani ya watabiri, mwenyeji wa baridi

WAHENGA walisema dalili ya mvua ni mawingu. Laiti wangalipanga chumba Riruta Satellite mwezi wa Julai, huenda wangaliongeza neno. Hapa mawingu hutanda tangu alfajiri, yakakaa juu ya mapaa ya mabati hadi saa nane mchana, na mvua yenyewe isinyeshe. Kinachoshuka ni manyunyu mepesi yasiyojaza hata kikombe, pamoja na baridi ipenyayo sweta, blanketi na mfupa.

Mgeni anayetoka Mombasa au Kisumu akaingia mtaa huu kati ya Juni na Agosti hushangaa. Alijua kwamba ikweta iko karibu, na kwamba Kenya husifiwa kwa jua lake. Lakini jina la jiji lenyewe lingetosha kumwonya. Neno Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Wamaasai walikuwa wameshatoa utabiri wao kabla ya reli kufika.

Majirani wa kipimajoto

Kwa anayetoka katikati ya jiji, safari ni fupi. Panda matatu nambari 111 iendayo Ngong, ushuke Dagoretti Corner. Hapo, kando ya Barabara ya Ngong, ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Kazi hii ni ya siku nyingi. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1929, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na idara yake.

Katika kituo cha aina hii huwa kuna visanduku vyeupe vilivyosimama juu ya miguu, kuta zake zimepangwa vibao ili hewa ipite na jua lisiingie. Ndani yake mna vipimajoto. Karibu navyo huwekwa mikebe ya kupimia mvua. Aidha, maputo hurushwa angani yakiwa yamebeba chombo kinachotuma habari za joto, unyevu na upepo kutoka juu kabisa.

Kila mwaka, msimu wa baridi unapokaribia, idara hii hutoa utabiri wa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Maneno yake kuhusu nyanda za juu za kati, Nairobi ikiwemo, wenyeji wameshayahifadhi: baridi na mawingu, manyunyu ya hapa na pale, siku nyingine mchana kutofika nyuzi 18, na usiku mwingine kushuka chini ya nyuzi 10. Kinachobadilika mwaka hadi mwaka ni kama baridi itazidi ile ya kawaida, itakuwa sawa nayo au itapungua.

Jambo la ajabu ni kwamba kutoka meza ya mtabiri hadi chumba cha mpangaji wa Riruta ni mwendo wa miguu tu. Hata hivyo, kati ya maneno "mawingu na baridi" na yale yanayotendeka nyuma ya mlango wa bati usiku wa manane, kuna umbali mkubwa.

Baridi hutoka wapi?

Kituo cha Dagoretti kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000. Kwa hivyo Nairobi huwa nyuma ya Mombasa kwa nyuzi kumi hivi hata kabla msimu wa baridi haujaingia.

Kisha huja upepo. Watu wa pwani huuita kusi, na majira yake ya ubaridi huyaita kipupwe. Miezi hii ni majira ya baridi kwa nchi za kusini mwa dunia. Katika Bahari Hindi, upande wa visiwa vya Mauritius na Reunion, hewa nzito ya baridi hujikusanya na kusukumwa kuelekea kaskazini. Ifikapo Mombasa na Lamu huwa imekwisha kupashwa na maji ya bahari, na wenyeji huifurahia baada ya joto la kiangazi. Lakini sehemu ya hewa hiyo huingia bara, ikakwea miinuko hadi nyanda za juu, ikipoa kadiri inavyopanda, na unyevu wake ukageuka mawingu ya chini. Juu ya mawingu hayo hukaa tabaka la hewa yenye joto zaidi ambalo huyazuia kupanda, mithili ya kifuniko juu ya sufuria. Ndiyo sababu mawingu ya Julai hayakui yakawa mvua kubwa, wala hayaondoki upesi.

Hapa pana jambo ambalo kila mkazi wa Riruta yafaa alijue. Mchana huwa wa baridi kwa sababu mawingu yamelizuia jua. Lakini usiku, mawingu hayo hayo hugeuka blanketi, yakazuia joto la ardhi lisitoroke angani. Usiku ambao anga ni safi na nyota zinahesabika ndio ambao alfajiri yake huuma zaidi. Kwa hivyo, ukiona nyota nyingi Julai, tafuta shuka la pili.

Barabara ya Naivasha asubuhi

Ukitoka Dagoretti Corner, Barabara ya Naivasha hukuingiza Riruta Satellite na kukupeleka hadi Kawangware, ambako nambari ya matatu, 46, imekuwa jina la kituo. Saa kumi na mbili asubuhi njia hii huwa imejaa watu. Vibarua na akina mama wa kufua nguo huelekea Lavington na Kilimani kwa miguu, mikono kwapani. Waendeshaji wa bodaboda huvaa makoti mazito kinyumenyume ili upepo usiwapige kifuani, na vichwani boshori zimeshuka hadi kwenye nyusi. Watoto wa shule hupumua mvuke na kujifanya wanavuta sigara.

Wauzaji wa uji, chai na mandazi ndio wafalme wa saa hii. "Mama, huo uji una moto?" atauliza kijana. "Una moto, mwanangu. Kunywa kabla Julai haijaunywa," atajibiwa.

Biashara nyingine nazo hufuata kipimajoto. Katika soko la Toi, kwenye ukingo wa Kibera, wauzaji wa mitumba hurudisha nguo nyepesi ndani ya magunia na kutundika makoti. Mengi ya makoti hayo yalishonewa theluji ya Ulaya na Marekani. Yamefika hapa kumkinga mtu dhidi ya baridi ambayo wenyewe walioyashona hawangeidhania.

Wanaoumia ni wafua nguo. Jua lisipotoka, nguo hazikauki siku mbili au tatu. Sare za watoto huanikwa kwenye waya chumbani, juu ya kitanda, na unyevu wake wote ukabaki humo.

Nchi ya baridi ni ipi?

Mkenya aliyehamia jimbo la Minnesota, Marekani, akiambiwa kwa simu kwamba Nairobi imefika nyuzi 10, hucheka. Kwake Januari kipimajoto huweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya sufuri. Lakini nyumba za huko zilijengwa zikijua hayo. Kuta zimejazwa vitu vya kuzuia baridi, madirisha yana vioo viwili viwili, na mashine hupasha joto vyumba vyote. Nje barafu, ndani mtu amevaa fulana.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba, katika nchi zenye majira ya baridi, joto la nyuzi 18 ndani ya nyumba ni kiwango kinachofaa kulinda afya za watu. Sasa turudi Riruta, Kawangware au Kibera. Chumba kimoja cha kupanga ni futi 10 kwa 10, na mara nyingi kuta ni za mabati sawa na paa. Bati halina ubishi na baridi. Huipokea nje na kuikabidhi ndani. Pumzi za watu watano hugeuka matone kwenye dari na kuwadondokea alfajiri. Usiku wa kawaida wa Julai katika jiji hili huwa wa nyuzi 11 au 12, na ndani ya chumba kama hicho hapapishani sana na nje.

Basi mtoto wa Minnesota hulala katika joto la nyuzi 20 huku theluji ikianguka, naye mtoto wa Riruta hulala katika nyuzi 12 au 13 karibu na ikweta. Ni yupi kati yao aishiye katika nchi ya baridi?

Ndiyo maana zahanati hujaa kikohozi, pumu na nimonia miezi hii. Chanjo ya kukinga watoto dhidi ya moja ya vijidudu vikuu vya nimonia ilianza kutolewa nchini Kenya mwaka 2011, nayo imeokoa wengi. Hata hivyo mama akiona mtoto anapumua haraka haraka, au mbavu zikibonyea ndani kila avutapo pumzi, asingoje asubuhi.

Adui asiye na harufu

Lakini hatari kubwa kuliko baridi ni ile inayoletwa na kuikimbia. Jioni mama hupikia nje au mlangoni. Chakula kikiisha, makaa yangali mekundu, na kuyamwaga ni hasara. Jiko huingizwa ndani, mlango hufungwa, na matambara husokomezwa katika kila tundu. Chumba hupata joto, watoto wakasinzia. Kila msimu wa baridi hutokea habari za familia ambazo hazikuamka.

Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na damu ikawa haina nafasi ya kubeba hewa safi. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi mzito. Watu wa chumba kimoja wakiumwa na kichwa kwa pamoja, wasitafute malaria kwanza. Wafungue mlango, watoke nje wote, na aliyezidiwa apelekwe hospitalini.

Hapa mtaani kuna imani mbili zinazoua. Ya kwanza ni kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, sumu nayo imekwisha. Si kweli, kwani moshi ndio unaoonekana, na hewa hii haionekani. Ya pili ni kwamba sufuria ya maji juu ya jiko huifyonza sumu. Maji hayaifyonzi hata kidogo. Hali kadhalika, jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa yanayotumika, lakini haliondoi hatari hiyo.

Yafaayo ni ya gharama ndogo. Chemsha maji kabla jiko halijazimwa, uyatie katika chupa isiyovuja, uizungushie leso na kuiweka miguuni pa mtoto. Pigilia maboksi chini ya mabati, juu na ubavuni, mbali na moto wa kupikia, kwani maboksi hushika joto na kupunguza yale matone. Laza watoto pamoja, soksi na kofia zikiwa mwilini. Kisha acha tundu moja karibu na paa likiwa wazi, hata kama upepo unapiga mluzi. Wenye nyumba nao wanapojenga waache nafasi hiyo tangu mwanzo, maana mpangaji hawezi kutoboa ukuta wa mwenyewe.

Utabiri wa Dagoretti Corner hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi huwa na onyo hili la majiko, ingawa wengi husikiliza sehemu ya mawingu tu na kufunga redio. Safari hii isikilize hadi mwisho. Wakisema baridi itazidi, jirani mwenye kitoto kichanga abishiwe hodi na kuulizwa kwa upole, "Dada, jiko liko wapi?" Hakuna atakayekasirika akijua unamtakia uhai.

Agosti ikielekea kwisha, mawingu huanza kufunguka mapema, nguo zikakauka kwa siku moja, na ifikapo Oktoba mijakaranda huchanua zambarau jijini. Hadi hapo, jiko lilale nje, watu walale ndani.