Hakuna Anayepiga Picha ya Lenta

Uppsala, Sweden

Baba Mdogo,

Swali uliloniuliza kwenye simu nimeona nilijibu hapa gazetini, maana najua hauko peke yako. Wapo wanaoliuliza Kaisho, wapo Murongo, wapo Kayanga. Ulisema: “Huko kwenu nchi haitikisiki, chakula kipo, hospitali ipo. Sasa Mungu mnamwogopa kwa lipi?” Ukacheka. Lakini mwinjilisti kama wewe hacheki bure, na mimi nimelelewa na wainjilisti.

Nianze na hilo la kutikisika. Huku nako ardhi imewahi kutikisika, tena Jumapili asubuhi. Tarehe 23 Oktoba 1904, watu wakiwa ibadani, tetemeko la ukubwa wa takriban 5.4 lilipiga upande wa ghuba ya Oslo, likasikika Norway, Sweden hadi Denmark. Makanisani watu walikimbilia milangoni. Letu la Kagera, la Jumamosi ya 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, lilikuwa 5.9, na kwa hesabu za wataalamu hiyo tofauti ndogo ya tarakimu ni nguvu kama mara tano au sita. Kitovu chake kilikuwa upande wa Nsunga, Missenyi, kilomita zipatazo 40 chini ya ardhi. Serikali ilihesabu watu 17 waliofariki, mamia waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 2,000 zilizoanguka, kuanzia Bukoba na Missenyi hadi kwetu Karagwe na Kyerwa. Lile la 1904 halikuacha maafa ya kulinganishwa na hayo. Nguvu ilikuwa ndogo, ni kweli, lakini pia watu wengi wa huku wakati ule walikuwa wanalala ndani ya nyumba za mbao. Mbao huyumba, kisha hurudi. Tofali la kuchoma lililolazwa juu ya tope halina pa kurudi.

Unajua kwa nini nakuanzia na tofali, Baba Mdogo. Baada ya tetemeko nilisikia mahubiri mengi yaliyotumwa kwa simu, na karibu yote yalikuwa na hesabu moja: Mungu amechoka na Kagera. Mmoja alitaja waganga, mwingine rubisi, mwingine mavazi ya mabinti. Hakuna aliyetaja lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta. Tena wahubiri wale hawakuwa wageni katika hesabu hiyo. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996, hesabu hiyo ilipigwa. Ukimwi ulipoanza kutumaliza miaka ya 1980, ilipigwa kwa sauti zaidi, na wajane wetu waliibeba aibu yake mpaka kaburini. Mkoa wetu umezika watu wengi mno kiasi kwamba kila kizazi cha wahubiri kimepata msiba wa kuutolea hukumu.

Wewe hukuhubiri hivyo, na hilo nalisema hadharani. Uliwasomea Luka sura ya 13. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, wanangoja aseme marehemu walikuwa na dhambi gani. Yeye anawaongezea msiba mwingine, mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, halafu anawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko Wayerusalemu wengine. Anajibu mwenyewe kuwa sivyo. Kisha anawageukia waliosimama mbele yake, wazima, na kuwaambia watubu. Faili la marehemu anakataa kulifungua. La walio hai analifungua palepale.

Hapo ndipo tunapokubaliana kabisa. Tetemeko halimwambii mtu lolote juu ya jirani aliyefukiwa. Linamwambia yeye aliyebaki kwamba saa tisa ya alasiri inaweza kuwa ya mwisho, na kwamba toba ya kesho haina mdhamini. Huo uharaka sitaki kuupunguza hata kidogo. Ninachogombana nacho ni uharaka wa namna nyingine, ule unaokaa muda ule ule ambao ukuta unatikisika.

Unakumbuka wale majirani wawili, siwataji. Kesi yao ya mpaka wa kibanja ilikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya watoto wao. Usiku ule wa Jumamosi, ardhi bado inarudia kutetemeka, hakuna aliyethubutu kulala ndani. Ulinisimulia mwenyewe: familia zote mbili zilitandika mikeka chini ya migomba ileile waliyokuwa wanaigombania, wakapika ndizi sufuria moja, na yule mkubwa alimvua mjukuu wa mwenzake sweta lililolowa umande akamfunika kwa koti lake. Asubuhi kanisa lilijaa mpaka wengine wakasimama nje madirishani. Mlisema uamsho umerudi. Kufikia mwisho wa mvua za vuli, nyufa zimezibwa kwa udongo na kupakwa chokaa, na ile kesi ikarudi baraza la kata. Imani iliyoingia kwa ufa ilitoka ufa ulipozibwa.

Sasa uliniuliza habari za huku. Wazungu hawa wana utaratibu wao wa kujiweka tayari, na mwanzoni ulinichekesha. Jumatatu ya kwanza ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, saa tisa alasiri, ving'ora vinalia nchi nzima kwa majaribio. Kwa utani wanaviita Fredrik wa sauti iliyokauka, na inasemekana jina hilo lilitokana na mwandishi wa safu wa zamani. Sisi tunaoandika gazetini tusijisifu sana. Mwaka 2018 serikali ilipeleka kijitabu kila nyumba kinachoeleza la kufanya vita au maafa yakija, na Novemba 2024 ikapeleka kingine. Weka maji. Weka chakula kisichohitaji kupikwa, redio ya betri, blanketi. Jitegemee kwa wiki moja. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mama mmoja amekiweka kwenye droo moja na kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Nilimuuliza anasoma kipi zaidi. Akaniambia hiki cha serikali kina herufi kubwa.

Kanisani kwenyewe, Jumapili ya kawaida, tunahesabika. Zaidi ya nusu ya Waswidi wamo kwenye daftari la Kanisa la Sweden na mchango wao unakatwa pamoja na kodi, lakini viti vingi havina mtu. Hilo linanisikitisha, sitakudanganya. Ni Kanisa lilelile lililotupa Bengt Sundkler, askofu wa kwanza wa Kilutheri Buhaya, aliyeongoza kuanzia 1961 hadi alipompisha Josiah Kibira mwaka 1964 akarudi kufundisha hapa Uppsala. Zamani hata wao walikuwa kama sisi: mfalme akitangaza siku za maombi na toba kila mwaka, na tangazo lake likisomwa makanisani, njaa, tauni na moto vikihesabiwa kuwa fimbo ya Mungu. Mei 1702 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji huu pamoja na paa la kanisa kuu. Inasimuliwa kwamba Olof Rudbeck, msomi wa chuo kikuu cha hapa, mzee wa miaka zaidi ya 70, alipanda juu ya jengo la Gustavianum akiwapigia watu kelele wapi pa kumwaga maji, nyumba yake mwenyewe ikiungua. Jengo lilipona na vitabu vya chuo vikapona nalo. Sijui siku ile alisali kwa maneno gani. Ninaamini kupanda kule kulikuwa mojawapo ya sala zake.

Kwa hiyo ukiniuliza nani yuko tayari, wao au sisi, nakujibu kwamba kila upande umeshika nusu. Hawa wana maji ya wiki nzima na hawajui wamlilie nani. Sisi tunajua wa kumlilia, halafu tunarudi kulala chini ya ukuta uleule.

Wazee wetu wa Uamsho hawakutenganisha mambo hayo. Moto ule uliwaka Gahini, Rwanda, ng'ambo tu ya mto Kagera, miaka ya 1930, ukashuka Uganda na kuingia kwetu. Walokole wale walikuwa na haraka kweli, lakini ilikuwa haraka yenye mikono. Mtu akitubu, anarudisha. Aliyeiba jembe analirudisha na jembe lake, aliyemdhulumu mkewe anasimama mbele ya watu anasema. Wimbo wa Tukutendereza ulikuja baada ya kurudisha, wala haukuwa mbadala wake. Kwa kipimo hicho, toba ya majirani wale wawili ingeonekana siku ambayo mmoja wao angeusogeza ule mti wa mpakani.

Na hebu rudi kwenye Luka uliyoisoma. Mara baada ya mnara, Yesu anatoa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, na katika mwaka huo anaahidi kuupalilia na kuutia mbolea. Mahubiri mengi ya tetemeko yanaishia kwenye mnara, hayafiki shambani. Sisi wa Kyerwa tunajua samadi ni kazi gani. Ni kuibeba kutoka zizini kwa ndoo, kuchimba kuzunguka shina bila kukata mizizi, kutandaza majani, na kusubiri. Mnyauko ulipoingia kwenye migomba, waliookoa vibanja ni wale waliong'oa shina bovu, wakachoma kisu kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, kila siku, hata walipochoka. Uharaka wa huyo mtunza shamba ni wa aina hiyo. Ana mwaka mmoja tu, kwa hiyo kesho asubuhi anaamkia jembe.

Ndiyo maana naileta lenta kwenye mambo ya imani, unisamehe. Mafundi wanasema nyumba nyingi zilizoanguka 2016 hazikuwa na mkanda wa zege na nondo wa kuzishika kuta juu ya milango. Pembe zikaachana, ule ukuta wa pembetatu unaobeba paa ukaangukia ndani. Januari 2017 Rais Magufuli alikuja Bukoba akasema wazi kuwa serikali isingemjengea kila mtu nyumba yake. Wengi walikasirika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini tumejenga upya vipi? Sisi wa ughaibuni tunapenda kutuma pesa ya kitu kinachoonekana: bati la rangi, madirisha ya alumini, geti lenye simba. Hakuna anayepiga picha ya lenta. Ikishapigwa plasta haionekani tena, na fundi asiye mwaminifu anajua hilo vizuri kuliko sisi. Anayemwibia mjane nondo mbili ameshiriki kuangusha ukuta ambao bado haujaanguka. Hilo nalo lihubiriwe.

Nimeongea na wenzangu wachache wa Kagera tulio huku, na mchango wa jengo la kanisa la mtaani utaingia kwa mhazini, ila kwa sharti moja: fundi asianze kupaua kabla hajafunga lenta, na wewe usimame pale siku nondo zinapofungwa, uzihesabu kwa mkono wako. Nitumie bei za nondo za Omurushaka, zile za Kayanga naambiwa zimepanda. Na ile kesi ya mpaka, nijulishe imefikia wapi. Kama bado ipo baraza la kata, mimi niko tayari kulipia kikao cha mwisho wakikubali kukaa chini ya migomba ileile.

Mama Mdogo msalimie sana. Senene alizompa mgeni zimefika salama, na zimeisha siku hiyohiyo, Waswidi wawili wakiwa miongoni mwa walaji.

Mwanao, Uppsala