Usiku wa Mazimwi Buena Park

Knott's Scary Farm ni tamasha la Halloween la bustani ya burudani ya Knott's Berry Farm, mjini Buena Park, katika jimbo la California nchini Marekani. Hufanyika katika usiku maalumu kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Wahudhuriaji wake wengi ni vijana na watu wazima wanaokwenda kwa makundi, wakiwamo mke na mume walioandamana na marafiki zao wachache. Safari yao ya usiku mmoja hufuata hatua zinazofahamika: chakula, lango, mitaa ya ukungu, nyumba za kutisha, treni za kasi (roller coaster) na onyesho la jukwaani.

Safari huanzia mezani, nje ya lango, katika mkahawa wa kuku ulioizaa bustani yote. Katika miaka ya 1920 Walter Knott na mkewe Cordelia walikuwa wakulima wa beri waliouza mavuno yao kando ya barabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Walter aliifufua miche ya boysenberry, beri chotara iliyokuwa ikifia katika shamba lililokuwa la Rudolph Boysen huko Anaheim, akaiingiza sokoni. Mwaka 1934, uchumi ukiwa umebana, Cordelia aliwapakulia wateja 8 kuku wa kukaanga katika sahani alizopewa siku ya harusi yake, kila mmoja kwa senti 65. Habari zikaenea, na wateja wakawa wanasubiri meza kwa saa nyingi. Mwaka 1940 Walter akaanza kujenga Ghost Town, mfano wa mji wa wachimba madini uliohamwa, ili wanaosubiri wapate cha kutazama. Mji huo wa maonyesho ndio uliokua ukawa bustani ya burudani, na ndio kitovu cha usiku wa mazimwi. Wenyeji hula mapema kwa sababu moja: tumbo lililojazwa dakika chache kabla ya treni ya kasi huwaadhibu wote waliokaa karibu.

Jioni wageni wa mchana hutoka, na saa moja usiku milango hufunguliwa upya kwa tiketi tofauti. Mizigo hukaguliwa na kila mtu hupita kwenye mashine ya kutambua vyuma. Wageni hawaruhusiwi kuvaa vinyago wala mavazi ya kuigiza, ingawa ni msimu wa Halloween, kwani ni lazima ijulikane nani ni mgeni na nani ni mwigizaji. Watoto walio chini ya miaka 13 hawashauriwi kuingia.

Tamasha lilianza Oktoba 1973 kwa usiku 3 tu. Wafanyakazi walivaa kama mizuka, na vitisho vikawekwa katika vivutio viwili vilivyokuwapo: garimoshi la mgodi la Calico Mine Ride, la mwaka 1960, na Timber Mountain Log Ride ya mwaka 1969, ambayo abiria wake hupanda magogo yanayoteremka kwa maji. Mshereheshaji wa mwanzo alikuwa Larry Vincent, aliyejulikana kwenye televisheni kwa jina la Seymour. Kuanzia miaka ya 1980 jukwaa likashikwa kwa misimu mingi na Cassandra Peterson katika uhusika wake wa Elvira. Hadi tamasha hili lilipoanza, Halloween ya Marekani ilikuwa hasa ya watoto kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Bustani hii ilionyesha kwamba watu wazima nao watalipa ili watishwe, na bustani kubwa zikafuata nyayo: Six Flags AstroWorld mwaka 1986, na Universal Studios ya Florida mwaka 1991.

Kitisho cha kwanza hukutana na kundi katika mitaa ya Ghost Town. Mashine humwaga ukungu mzito kiasi kwamba aliye hatua chache mbele huonekana kama kivuli, na taa huwekwa nyuma ya ukungu ili umbo litangulie kuonekana kabla ya sura. Waigizaji wanaoteleza huvaa vilinda magoti na vipande vya chuma. Hukimbia, hujitupa chini, na chuma kikisuguana na sakafu hutoa cheche na mlio wa kukata masikio. Hawamrukii mtu ovyo. Hulisoma kundi kwanza: nani amejificha nyuma ya mwenzake, nani anacheka kwa sauti kuliko wote, nani ametazama pembeni. Jina likiitwa na rafiki asiye makini, dakika chache baadaye zimwi hulinong'ona jina hilo hilo sikioni mwa mwenyewe. Hata hivyo zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hili la Buena Park limefungwa na kanuni: haligusi mgeni, wala mgeni haruhusiwi kuligusa.

Baada ya mitaa huja nyumba za kutisha, ambazo ni vichochoro vilivyojengwa kwa mandhari mbalimbali. Foleni ndefu ni sehemu ya usiku, hasa Ijumaa na Jumamosi, na wenye fedha zaidi hununua tiketi ya kupita kando. Ndani, kila kona imepangwa. Kitu fulani huvuta macho upande mmoja, kisha mwigizaji hutokea upande wa pili kupitia tundu dogo ukutani. Mfumo huo huzaa swali linaloligawa kila kundi mlangoni: nani atangulie? Wengi hudhani wa mbele ndiye hutishwa zaidi. Lakini mara nyingi mwigizaji humwacha wa kwanza apite na kumlenga wa katikati, aliyejiona salama kati ya mabega ya wenzake, au wa mwisho, asiye na mtu wa kumlinda mgongo. Mume aliyejitolea kumfunika mkewe kwa mbele huwa amemwachia mgongo wazi.

Usalama wa vichochoro hivyo una historia ya uchungu. Tarehe 11 Mei 1984 moto uliteketeza ngome ya kutisha katika bustani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, na vijana 8 wakafa. Jengo lile liliunganishwa kwa matrela, na halikuwa na vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto. Baada ya msiba huo kanuni za moto zikakazwa kwa majengo ya aina hiyo: vinyunyizio, vitambua moshi, na taa zinazowaka ili kuonyesha njia ya kutokea. Giza la leo ni giza linaloweza kufutwa mara moja.

Katikati ya usiku kundi hupumzika kutoka kwa mazimwi kwa kupanda treni za kasi. Maarufu zaidi ni GhostRider, ya mwaka 1998, iliyojengwa kwa mbao, yenye urefu wa takribani kilomita 1.4 na kimo cha mita 36 hivi. Gizani abiria haoni mteremko unaofuata, hivyo safari ile ile ya mchana huwa kali zaidi. Wasiopenda treni huingia kwenye maonyesho ya jukwaani ya muziki na vichekesho, ambako miguu hupata nafasi ya kupoa.

Watafiti wamejaribu kueleza faida wanayoipata wawili wapendanao katika hofu ya namna hii. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walionyesha kwamba wanaume waliovuka daraja linaloning'inia la Capilano, nchini Kanada, walielekea zaidi kumpigia simu msichana aliyewahoji kuliko waliovuka daraja imara. Mioyo yao ilienda mbio kwa hofu, nao wakadhani ni mvuto. Mwaka 2003 Cindy Meston na Penny Frohlich waliwahoji abiria wa treni za kasi katika bustani za Texas. Athari hiyo ilionekana kwa waliopanda na mtu asiye mpenzi wao, lakini haikuonekana kwa waliopanda na wapenzi wao. Nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na kikundi cha watafiti akiwemo Mathias Clasen ulipima mapigo ya moyo ya wageni wa nyumba ya kutisha huko Vejle. Ulibaini kwamba raha hufikia kilele penye hofu ya wastani. Ikipungua mno huleta kuchoka, ikizidi mno huwa karaha.

Kwa hiyo walio kwenye ndoa hawaongezewi mapenzi na mbio za moyo peke yake. Wanachopata ni kuonana katika hali isiyoigizwa, mbele ya marafiki watakaokumbushana tukio hilo kwa miaka: aliyejigamba akapiga kelele, na mwoga akawa ndiye aliyewaongoza wengine hadi mlango wa kutokea.

Bustani hufungwa saa saba au saa nane usiku, kutegemea siku. Wanaotaka foleni fupi huchagua Alhamisi au Jumapili, huvaa viatu vya kutembelea na sweta kwa baridi ya usiku, na hukubaliana mapema mahali pa kukutana wakipotezana ukunguni. Kundi la watu 4 hadi 6 linatosha, kwa kuwa kubwa zaidi hukatwa vipande mlangoni mwa kila nyumba. Asiyeweza kustahimili asilazimishwe kuingia, kwani hofu huwa burudani pale tu kila mmoja alipoikubali kwa hiari yake.