Juu ya Mlima wa Wanale na Kipaza Sauti cha Bei Nafuu

Ukisimama katikati ya mji wa Mbale na kuuelekeza uso wako mashariki, huwezi kuukosa mlima wa Wanale. Umesimama kama ukuta, na baada ya mvua maporomoko ya maji huning'inia kwenye majabali yake kama vitambaa vyeupe vilivyoanikwa. Mlima huu ni mkono wa magharibi wa Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina urefu wa meta 4,321. Wanale haufikii huko. Unapita meta 2,000, ilhali mji ulio chini yake uko kwenye meta 1,100 na ushei. Siku iliyo safi, aliyeko juu huliona jabali la Tororo upande wa kusini, na magharibi huona nchi tambarare mpaka macho yanapochoka.

Nilipanda huko Jumamosi moja ya Januari 2025. Begani nilikuwa na mkoba wenye redio ndogo ya wati 5, betri ya volti 12, waya wa antena na kipaza sauti kipya nilichokinunua kwa shilingi 55,000.

Yafaa nieleze. Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilisomea ualimu na kupata cheti, kisha kazi ikanipeleka ofisini. Nje ya saa za kazi mimi ni mmoja wa wale wanaopiga redio ya ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kuzungumza na wenzao wa mbali kwa mitambo yao wenyewe, bila mshahara na bila biashara. Vituo vya Uganda huanza na alama 5X, vya Kenya 5Z, na vya Tanzania 5H. Mke wangu huuita mchezo huu "ugonjwa wa nyaya", na sina hoja nzito ya kumpinga.

Lakini usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 haukuwa wa mchezo. Mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, maji yakaingia majumbani, na watu wakapoteza maisha. Simu yangu haikushika mtandao. Redio yangu ilikuwa na betri iliyojaa na antena iliyo tayari. Nilimsikia mwenzangu wa Kenya akiuliza kama kuna kituo chochote cha Mbale. Nikabonyeza kitufe na kumjibu. Hakunisikia. Akauliza tena, nikajibu tena, mpaka akanyamaza. Asubuhi nilikifungua kipaza sauti nikaona waya umekatika ndani ya mpira wake, pale unapokunjwa kila siku. Sidai kwamba sauti yangu ingemwokoa mtu, ila sijasahau jinsi alivyokuwa akiuliza.

Tangu hapo nilikuwa nikiazima kipaza sauti cha rafiki. Novemba 2024, udongo ulipoporomoka wilayani Bulambuli na kuzifukia nyumba za watu, rafiki alikuwa safarini nacho. Kipya kutoka kwa waliotengeneza redio yenyewe kingenigharimu karibu ada ya muhula ya binti yetu wa kwanza. Mke wangu akaamua kwa maneno machache: ada kwanza. Ndipo nikatafuta cha bei nafuu, kilichotengenezwa na watu wengine kwa kuigiza kile cha asili.

Hapa msomaji mwenye redio na asikilize vizuri. Plagi kuingia katika tundu si dalili kwamba kifaa kinafaa. Kuna vipaza sauti vya sumaku, ambavyo sauti yenyewe hutikisa koili na kuzaa umeme. Na kuna vile vyenye kidonge kidogo kinachohitaji kulishwa volti chache kutoka kwenye redio. Vya bei nafuu mara nyingi ni vya namna hii ya pili, na kama redio haitoi umeme kwenye waya unaohusika, utasema mpaka koo likauke. Tena mpangilio wa nyaya katika plagi hutofautiana. Nilikaa mezani jioni mbili na kipimo cha umeme, nikifuatisha waya mmoja mmoja kwa mchoro wa kitabu cha redio. Kimoja hakikuwa mahali pake, nikakihamisha kwa risasi na pasi ya kuchomelea.

Kule juu niliipita minara ya matangazo na ya simu nikaenda mbele zaidi, kwa sababu karibu nayo redio husikia makelele mengi. Nikapata mkaratusi mrefu, nikarusha jiwe lililofungwa kamba, nikainua antena ya waya yenye urefu wa meta 20, inayofaa masafa ya megahezi 7. Kabla sijaketi, akatokea askari.

"Ndugu, waya huo ni wa kazi gani?"

"Ni antena, Afande. Leseni hii hapa."

Akaisoma yote, hata upande wa nyuma. Kisha akachuchumaa kutazama, na kwa kweli nilifurahi kupata shahidi.

Nikaita. Kituo kimoja cha Nairobi, yapata kilometa 400 kutoka hapo, kikaitika mara ya tatu. Huwa tunapeana alama mbili: ya kwanza ni ya kueleweka, mwisho wake 5, ya pili ni ya nguvu, mwisho wake 9. Nikapewa 3 na 6. Nguvu ilikuwapo, lakini maneno, alisema, yalitoka kama ya mtu aliyemo ndani ya pipa, tena pipa linalokwaruzwa.

Askari akacheka. "Unakila hicho kipaza sauti," akasema. "Tena unapiga kelele. Sisi tulifundishwa: bonyeza, subiri kidogo, ndipo useme kwa sauti ya kawaida. Na uupe upepo mgongo."

Nikatii. Nilikiweka kando ya mdomo badala ya mbele yake, umbali wa vidole vitatu, nikaketi kuelekea mashariki ili mwili wangu uukinge upepo. Uvumi wa upepo ulibaki, nikakumbuka soksi ya mtoto iliyokuwa mkobani, sijui iliingiaje. Nikakivika. Nairobi wakasema pipa limeondoka, ila mkwaruzo bado upo.

Mkwaruzo huo ndio ulionipotezea nusu saa. Niliposhusha nguvu kutoka wati 5 hadi 1, ukatoweka, nilipopandisha, ukarudi. Hapo nikatambua kwamba mawimbi ya antena yenyewe yalikuwa yakirudi kwa njia ya waya wake na kuingia katika kipaza sauti, maana gamba la plastiki tupu haliyazuii. Nikauzungusha waya wa antena mara nane, duara la ukubwa wa sahani, karibu na redio, kisha nikaufunga kwa kamba. Nikaita tena kwa wati 5.

"5 na 7," Nairobi wakajibu. "Sasa tunakusikia kama uko mtaani kwetu. Mbale hamjambo?"

"Hatujambo," nikasema, na ilinibidi ninyamaze kidogo kabla ya kuendelea.

Askari aliagana nami akarudi kwenye lindo lake, huku akiniagiza nisiuache mti na kamba yangu. Nikashuka alasiri, na njiani kwa mama mmoja nikanunua malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa moshini, ambayo Wagisu huyapika kwa karanga.

Kifaa hiki si sawa na cha asili. Kitufe chake ni chepesi mno, na mpira wa waya unaonekana hautastahimili kukunjwa miaka mingi. Kwa hiyo siukunji, nauzungusha kwa ulegevu. Nimeuvika pia pete nyeusi niliyoitoa kwenye waya wa kompyuta iliyokufa, nayo imeumaliza mkwaruzo kabisa. Mke wangu, alipokuwa akiyakoroga malewa jikoni, aliuliza kama nilisikika. Nikamwambia nimesikika Nairobi. Akasema vema, sasa soksi irudi kabatini, maana mwenyewe ameitafuta tangu asubuhi.