Kufungua Kufuli Bila Ufunguo

Kufuli ni mlinzi wa ajabu. Halilali, halili, halidai mshahara, wala halimwulizi mtu jina lake au nia yake. Liguswapo na ufunguo wake hutii, na mkono ulioushika ufunguo huo, uwe wa mwenye nyumba au wa mwivi, kwake ni sawasawa. Mwenye mali huligeuza jioni akalala kwa amani, na aghalabu huishi umri wake wote pasipo kujua kilichomo ndani ya chuma kile alichokikabidhi watoto wake na akiba yake. Katika hali hii ya kuamini pasipo kujua ndipo huzaliwa mapenzi ya kufungua makufuli bila ufunguo, mchezo ambao katika nchi nyingi ni halali kama bao au kuvua samaki kwa ndoana. Hauanzi kwa tamaa ya kitu cha mtu. Huanza kwa swali dogo: ndani mna nini?

Jibu lake ni la kale. Wamisri wa zamani walikuwa na makomeo ya mti yaliyozuiwa kwa vijiti vilivyodondoka katika vitundu, na ufunguo wao ulikuwa ubao wenye meno ya kuviinua vijiti hivyo. Linus Yale mdogo, wa Marekani, aliichukua kanuni hiyo akaiingiza katika umbo dogo la madini, akapewa hati za kulinda uvumbuzi wake mwaka 1861 na mwaka 1865. Na makufuli mengi yauzwayo madukani leo ni wajukuu wa kazi yake. Ndani ya mwili wa kufuli mna silinda ndogo izungukayo. Juu yake pana vitundu, mara nyingi vitano au sita, na katika kila kitundu hukaa pini mbili, moja juu ya mwenzake, zikisukumwa chini na springi. Maadamu pini ya juu imekaa nusu ndani ya silinda na nusu nje yake, silinda haizunguki. Meno ya ufunguo huinua kila jozi kwa kipimo chake, hata mahali pini mbili zinapokutana pakawa sawa na ukingo wa silinda. Hapo kizuizi huondoka, na kufuli hufunguka.

Lau kazi ya mikono na mitambo ya binadamu ingekuwa kamili, kufuli la namna hii lisingefunguka ila kwa ufunguo wake. Walakini hakuna fundi awezaye kutoboa vitundu vitano katika mstari mmoja usio na kosa hata la unywele. Kwa hiyo silinda ikisukumwa kidogo upande wa kufungulia, pini zote hazibanwi kwa pamoja. Moja hutangulia kubanwa, na nyingine hubaki huru. Mchezaji huliegemeza kosa hilo dogo la fundi kazi yake yote. Mkono mmoja hushika kichuma kilichopindwa, kikaisukuma silinda kwa nguvu isiyozidi uzito wa kidole kimoja kilichopumzika; mkono wa pili hushika kijiti chembamba cha chuma, kikatafuta gizani pini iliyobanwa. Ikiinuliwa hata mahali pake, husikika mlio mdogo mno, na silinda husogea kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona ila kidole hukijua. Kisha hubanwa pini ya pili, kazi ikaendelea.

Mwanafunzi wa mchezo huu hushauriwa kuanza na kufuli lake mwenyewe, la bei nafuu, ambalo halikufungia kitu. Hulifumua kwanza, akazitazama pini na springi zake mezani, akalirudishia pini moja tu. Alifunguapo mara kwa mara bila taabu, huongeza ya pili, halafu ya tatu. Kosa la karibu kila mwanzo ni nguvu. Kufuli linapokataa, mkono hukaza. Na mkono ukikaza, pini zote hubanwa kwa pamoja, na kufuli huwa jiwe. Hapo dawa ni kulegeza, kuziacha pini zote zianguke, na kuanza upya pasipo hasira. Wazee husema subira ni ufunguo wa faraja. Msemo huu ambao kwa watu wengine ni fumbo, kwa mwanafunzi huyu ni maelezo ya kazi. Na akidhani amehitimu, hukutana na makufuli ambayo pini zake zimechongwa kiuno katikati: husogea kama zilizokubali, kumbe zimedanganya. Hujifunza hivyo kwamba si kila mlango uonyeshao dalili ya kufunguka umefunguka.

Ubishi juu ya mchezo huu una historia ndefu. Joseph Bramah wa Uingereza alipata hati ya kufuli lake mwaka 1784, na baadaye moja lilitundikwa katika dirisha la duka la London, pamoja na ahadi ya gini 200 kwa mtu atakayeweza kulifungua kwa chombo cha ufundi. Lilikaa zaidi ya miaka 40 bila kushindwa. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikuja London katika Maonyesho Makubwa. Alianza na kufuli la Chubb, lililovumbuliwa mwaka 1818 na kusifiwa kwa kuweza kumjulisha mwenyewe kwamba limejaribiwa. Akalifungua kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha akaliendea la Bramah, akalifanyia kazi kwa saa zipatazo 51 katika siku 16, likafunguka. Watu wengi walikasirika, wakasema kwamba amewafundisha wevi. Hoja ya Hobbs ilikuwa kwamba wevi wanaijua kazi yao kuliko awezavyo mtu yeyote kuwafundisha, na kwamba yule asiyejua ubovu wa kufuli ni mnunuzi peke yake. Baada ya hapo mafundi walishindana kutengeneza makufuli bora. Mficha uchi hazai.

Hasira ya namna ile haikufa na karne yake. Richard Feynman, mtaalamu wa fizikia aliyekuwa Los Alamos wakati wa Vita Kuu ya Pili, alijifurahisha kwa kufungua makabati yaliyotunza siri za bomu la atomiki. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alimwonyesha mkuu mmoja wa jeshi kwamba kabati likiachwa wazi wakati wa kazi, namba zake huweza kuibwa. Mkuu alitoa amri; lakini amri ile haikuwa ya kufunga makabati. Ilikuwa ya kubadili namba katika kila chumba ambamo Feynman aliingia. Mwonyaji alihesabiwa kuwa ndiye hatari, na hatari yenyewe ikaachwa palepale.

Hata hivyo haifai kuwadharau wenye hofu. Sheria nyingi zina hofu hiyo hiyo, na zina sababu. Japani ilitunga sheria mwaka 2003 ya kukataza mtu kuwa na zana za kufungulia makufuli bila sababu ya haki. Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu humtaka mtu aliyekutwa usiku na chombo cha kuvunjia nyumba athibitishe mwenyewe udhuru wake. Mpenzi wa mchezo huu hana budi kuijua sheria ya mahali alipo kabla ya kununua kijiti cha kwanza. Wenye mchezo nao wamejiwekea miko miwili: kutofungua kufuli lisilo lako pasipo ruhusa ya mwenyewe, na kutojaribu kufuli linalotumika, hata likiwa lako, kwa kuwa linaweza kuharibika. Chama kilichoanzishwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1997 kiliwakusanya watu wa namna hii, wakashindana hadharani. Na jambo lifanywalo hadharani, mbele ya mashahidi, ni vigumu kugeuka wizi.

Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alipenda ufundi wa makufuli, akafundishwa na fundi aitwaye Gamain. Fundi huyo huyo alimsaidia kuficha kabati la chuma ukutani katika jumba lake; na mwaka 1792 alikwenda kumwambia waziri wa serikali mpya mahali lilipo. Nyaraka zilizokuwamo zilitumiwa dhidi ya mfalme, naye akauawa Januari 1793. Kabati halikusalitiwa na pini wala na springi. Lilisalitiwa na mtu aliyelijua.

Kwa hiyo elimu ya makufuli humrudisha mwanafunzi wake kwa watu. Akiisha kujua jinsi chuma kilivyo dhaifu, huona kwamba milango mingi ya mtaani hulindwa zaidi na haya, na ujirani, na desturi ya mgeni kusimama nje akapiga hodi. Mtu asiyeweza kuingia akipiga hodi, hajafanya ila lililo lazima. Yule awezaye kuingia, naye akasimama kizingitini akangoja kuambiwa karibu, huyo ndiye ambaye jirani zake wanaweza kulala.